Kushuka Kamanyola na mwili wa Bukavu

Mazungumzo na kikundi kinachojiandaa kwenda kwenye kazi ya mifereji

 

Komite ilituomba tuongee juu ya joto, na pale tangazo lilipobandikwa kuna waliocheka. Bukavu na joto wapi na wapi? Hapa mtu anatoka asubuhi na jaketi, na usiku mtu wa Nguba anafunga dirisha kwa sababu ya upepo wa ziwa. Ndiyo sababu yenyewe ya kuongea. Kikundi cha kwanza kinashuka Kamanyola na Luvungi kuchimba na kusafisha mifereji ya mashamba, na wengi wenu mmekaa hapa mjini miaka kadhaa tangu mliporudi. Mwili wenu sasa ni mwili wa mlimani.

Tuangalie njia. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha meta karibu 1,460, Ziwa Tanganyika meta karibu 773. Mto Ruzizi unatoka huku na kuingia kule, maana yake unaporomoka meta karibu 690 njiani. Hewa nayo inabadilika: kwa kawaida kila unaposhuka meta 1,000 joto linaongezeka digri 6 hivi. Aliyepita Ngomo juu ya lori anajua bila kusoma. Nyangezi umejifunika, Kamanyola umevua. Na kule chini, saa sita ya mchana, joto mara nyingi linapita digri 30 kivulini. Kwenye mfereji hakuna kivuli.

Kuna mzee alitujibu mapema, kabla hata hatujaanza: “Sisi tulikaa Nyarugusu, tunajua jua.” Wengine watasema Lugufu, wengine Burundi. Tunawaheshimu, lakini mwili hauweki kumbukumbu ya jua kama vile kichwa kinavyoweka kumbukumbu ya kambi. Mazoea ya joto yanajengwa kwa wiki moja au mbili za kazi, na yanapotea kwa wiki chache tu za kukaa kwenye baridi. Lugufu ilifungwa mwaka 2009. Mwili umesahau zamani sana.

Sasa, ndani ya mwili kunatokea nini? Tuanze na misuli. Katika nguvu yote misuli inayotumia, karibu sehemu moja kati ya tano, au tuseme moja kati ya nne ukiwa hodari, ndiyo inayoinua jembe. Inayobaki yote inakuwa moto. Ni sawa na injini ya lori inayopanda Ngomo: inavuta mzigo, ndiyo, lakini fungua boneti uguse uone. Mwili unapenda kukaa karibu na digri 37. Mtu akichimba kwa nguvu anapanda 38, anaweza kufika 39, na bado yuko mzima kama moto unapata njia ya kutoka. Shida inaanza pale moto unapozalishwa haraka kuliko unavyotoka.

Njia ya kutoka ni ngozi. Damu inachukua moto kutoka misuli na kuupeleka kwenye ngozi, ndiyo maana uso unakuwa mwekundu au mishipa ya mikono inasimama. Halafu jasho linatoka. Watu wanafikiri jasho lenyewe ndilo baridi. Hapana, ubaridi unakuja wakati jasho linapokauka juu ya ngozi. Lita moja ya jasho ikikauka yote, inaondoka na moto ambao ungeweza kupandisha lita saba za maji kutoka digri 20 mpaka zichemke. Mnaona ukubwa wake? Lakini jasho linalodondoka chini limepotea bure, umetoa maji na moto umebaki nao. Kwa hiyo kwenye mashamba ya mpunga, hewa ikiwa na unyevu na upepo umekatika, mtu analowa chepechepe na bado anazidi kupata moto. Na mwenye kuvaa makoti mawili ya plastiki “ili apunguze mwili”, tumewaona vijana hao kwenye mazoezi ya asubuhi hapa mjini, anafunga mlango huo huo kwa mkono wake.

Moyo nao unaombwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Misuli inasema nipe damu nifanye kazi. Ngozi inasema nipe damu nitoe moto. Damu ni ile ile, lita tano hivi kwa mtu mzima. Na jasho linatoka katika maji hayo hayo ya damu na ya mwili. Kwenye kazi nzito ya jua mtu anaweza kupoteza lita moja, hata moja na nusu, kwa saa. Damu ikipungua, kila pigo la moyo linasukuma kidogo, basi moyo unapiga mbio zaidi kufidia. Hapo ndipo mtu anashangaa: saa moja asubuhi alichimba meta mbili akiimba, saa tano meta moja tu inamshinda. Ardhi ni ile ile, kazi haikuongezeka. Damu ya kuifanya ndiyo imepungua.

Nguvu za mtu hazimkingi. Mwaka 2019, kwenye mashindano ya dunia ya riadha huko Doha, Qatar, marathoni ya wanawake ilianzishwa karibu na saa sita ya usiku ili kukwepa jua. Wakimbiaji 68 walianza, na 28 hawakufika mwisho. Hao ni watu waliofanya mazoezi miaka na miaka, wenye waganga wao na maji kila kituo. Aliyeshinda alikuwa Mkenya, Ruth Chepngetich, kwa mwendo wa pole ukilinganisha na kawaida yake. Kama hao walishindwa usiku, kijana wa Panzi mwenye jembe mchana atajivunia nini?

Hapa tunafika kwenye jambo lililotuleta, na tunaomba kapita wote wasikilize.

Watu wa migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini walijifunza hili kwa vifo. Kule chini ya ardhi kuna joto na unyevu, na wafanyakazi wapya walikuwa wakianguka. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja aliyeitwa Dreosti alionyesha kwamba mtu mpya akizoezwa joto polepole, kwa siku kadhaa, kabla ya kupewa kazi kamili, anaweza kuistahimili. Tangu hapo imepimwa sehemu nyingi na jibu ni lile lile. Mwili ukipewa siku 7 mpaka 14 unabadilika kweli: maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema na kutoka kwa wingi, chumvi inayopotea katika jasho inapungua, moyo unapiga taratibu kwa kazi ile ile. Huko Marekani, ofisi ya serikali inayoshughulikia usalama kazini inaeleza kwamba wengi wanaokufa kwa joto kwenye kazi za nje wanakufa katika siku za kwanza kabisa. Ni wale wapya, na wale waliotoka likizo. Kanuni wanayoitumia ni rahisi: siku ya kwanza mtu mpya afanye sehemu moja kati ya tano ya kazi kwenye joto, kesho aongezwe sehemu nyingine, hivyo hivyo mpaka siku ya tano.

Mtaona mara moja inapogongana na namna tunavyolipa. Kazi nyingi za aina hii, THIMO na nyingine, zinalipa kwa meta zilizochimbwa. Aliyerudi juzi ana deni la nyumba, ana mtoto aliyefukuzwa shule kwa sababu ya minerval, anataka kuonyesha siku ya kwanza kwamba yeye si mvivu wa kambi. Atachimba meta za watu wawili. Ndiye yule yule ambaye mwili wake haujazoea. Malipo yanamsukuma mtu mpya kufanya kazi kubwa zaidi katika siku ambazo angefaa kufanya ndogo zaidi. Sisi tunaona hilo ni kosa la mpangilio, si kosa la mchimbaji, na halirekebishwi kwa kumwambia “jilinde”.

Kwa hiyo komite imekubali, kwa kikundi hiki, siku tano za kwanza zilipwe kwa siku, wala si kwa meta. Wafadhili, hapa ndipo fedha yenu itaonekana kama imechimba kidogo. Ripoti ya wiki ya kwanza itakuwa na meta chache. Tunawaomba msome safu hiyo mkijua kilichokuwa kikifanyika ndani ya damu za watu.

Tuseme sasa lile ambalo watu hawapendi kusema mbele ya mkutano. Mwaka uliopita, kwenye kazi moja kule chini, kijana mwenye nguvu zake, siku ya pili tu, alianza kuongea maneno yasiyoeleweka. Akamtukana kapita. Akatembea kuelekea upande usio na kitu, akaanguka. Saa ile ile sauti zikaanza: “Bamemupa karuho!” Maana alikuwa amekula maharagwe kwa mama mmoja pembeni ya barabara. Kijana alimwagiwa maji na kupelekwa kwa waganga, akapona. Lakini yule mama, naye mrudi kama sisi, hakuuza chakula tena pale. Aliogopa. Sufuria zake zilipinduliwa, na siku kadhaa alikaa ndani ya nyumba ya shemeji yake.

Sisi hatukatai kwamba duniani kuna sumu. Lakini tunajua dalili zile zinafanana na nini. Mwili ukipita digri 40, ubongo unaanza kuungua kidogo kidogo. Mtu anachanganyikiwa, anakuwa mkali bila sababu, anayumba kama mlevi, anatapika, anaweza kupatwa na degedege au kuzimia. Kwa jicho la jirani hiyo ni sumu kabisa. Na sisi tuliorudi, tunaoishi na watu waliobaki, wengine wakiwa na kesi ya shamba ambayo haijaisha, hatuna nafasi ya kurusha neno kama hilo kwa mtu kabla ya kumpoza mgonjwa na kumpeleka kupimwa.

Namna ya kutambua. Mwenye kuchoka kwa joto anatoka jasho jingi, kichwa kinamuuma, ana kizunguzungu, misuli inamkaza, lakini ukimuuliza anajibu vizuri. Huyo akae kivulini, avue shati, anywe, asirudi kazini siku hiyo. Lakini ukimuuliza jina lake, leo ni siku gani, tuko wapi, na majibu hayaeleweki, hiyo ni hatari ya kifo na dakika zinahesabika. Wengi walifundishwa kwamba lazima ngozi iwe kavu. Si kwa mtu anayefanya kazi: anaweza kuwa na moto wa digri 41 na bado anatoka jasho. Angalieni akili yake, msiangalie ngozi.

Na huyo anapozwa kwanza, halafu ndiyo anabebwa. Tunarudia kwa sababu desturi yetu ni kinyume: mtu akianguka tunamtupa juu ya pikipiki, wawili wanamshika, mbio mpaka kituo cha afya, na ubongo unaendelea kuiva njiani. Kuna mbio za barabarani huko Falmouth, Marekani, ambapo waganga waliandika habari za wakimbiaji 274 walioanguka kwa moto wa mwili kwa miaka mingi. Wote walitumbukizwa palepale kwenye maji ya baridi. Hakuna hata mmoja aliyekufa.

Mtasema sisi hatuna beseni la barafu. Tunayo bashi. Ile bashi ya HCR, wengine wanaita shitingi, kila mrudi aliwahi kulala chini yake. Mlaze mgonjwa katikati, mvue viatu na nguo nzito, watu sita washike pembe na kando wazinyanyue mpaka iwe kama mtumbwi, wengine wamwage maji ya mfereji bidoni kwa bidoni. Mmoja ashike kichwa kibaki juu ya maji. Mwingine achanganye maji kwa mkono yasitulie, kwa sababu maji yaliyotulia karibu na ngozi yanapata moto. Endeleeni mpaka aanze kutetemeka au ajibu sawasawa, kwa kawaida dakika 10 au 15 au zaidi kidogo. Maji yakiwa machache, loweni vitenge mumfunike, mpepee, mvibadilishe kila mara. Mtu aliyezimia msimwekee kitu chochote mdomoni. Na dawa ya homa, parasetamoli, haisaidii hapa, maana moto huu hautoki kwenye ugonjwa. Akishapoa, apelekwe, hata kama anasema amepona, na hapo waganga wampime malaria na kila kitu.

Maji ya mfereji ni ya kumwagia tu. Uvira na sehemu za chini mnajua habari ya kolera. Ya kunywa yatakuwa kwenye mabidoni yenye dawa, na kapita atapuliza filimbi kila dakika 20: kila mtu anywe kikombe kimoja, hata kama hana kiu. Kiu inachelewa. Mkojo ndio unasema ukweli, ukiwa mweusi kama chai umeshachelewa. Lakini msishindane kunywa pia. Zaidi ya lita moja na nusu kwa saa ni nyingi, na mtu akimimina maji matupu siku nzima bila chumvi, damu inakuwa nyepesi mno na hiyo nayo inaua. Kuleni kabla ya kutoka nyumbani, chumvi ya kwenye sombe na samaki inatosha watu wengi. Atakayelowa sana atapewa serumu ya kunywa, na ikikosekana mnajua kipimo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kasiksi ya jana usiku haihesabiki kama maji. Na aliyekuwa na homa juzi abaki: anaanzia 38 wakati wenzake wanaanzia 37, na ngazi ya kupanda imebaki fupi.

Kuna figo pia. Huko El Salvador na Nicaragua, wakata miwa wengi, vijana wasio na kisukari wala presha, wamekufa kwa figo, na kazi nzito kwenye joto bila maji ya kutosha inashikwa kama sababu kubwa. Walipoletewa maji, kivuli na mapumziko yenye saa maalum, figo zilianza kuumia kidogo zaidi. Tunalitaja kwa sababu wazee wa upande wa Kiliba wanajua ukataji wa miwa ulivyo, na kwa sababu ugonjwa huo haumwangushi mtu mchana. Unakuja baada ya miaka, wakati mradi umeshafungwa na kibao kimeng'olewa.

Wamama, sehemu yenu ni ndefu kidogo. Mama anafika kwenye mfereji saa kumi na mbili akiwa ameshachota maji, ameshapika, ameshatembea na mtoto mgongoni. Ameanza kutoka jasho wakati mwanaume analala. Tuliuliza wamama kwa nini wanakunywa kidogo kazini, hata bidoni ikiwa karibu. Walitazamana kwanza. Halafu mmoja akasema: “Tutaenda kukojoa wapi?” Uwanja uko wazi mpaka mlimani, wanaume pande zote. Mwanamke anavumilia kiu ili asipate haja. Basi choo, hata cha bashi na miti minne, ni sehemu ya dawa ya joto. Tumekiweka kwenye bajeti mstari mmoja na mabidoni, na tungependa wafadhili wasikihamishie kwenye “usafi” ambako kitangoja mwaka ujao. Mama mjamzito hatachimba, atashika daftari la mahudhurio au bidoni ya dawa, kwa malipo yale yale. Na wale wamama wanaobeba mizigo kutoka Muhanzi kupanda Kadutu, msidhani haya hayawahusu kwa kuwa Bukavu ni baridi. Mzigo unafunika mgongo wote, kilima kinazalisha moto, na kikombe cha maji pale juu hakiuzwi bei kubwa.

Saa za kazi: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne na nusu, kisha kurudi saa kumi kwa atakayetaka. Qatar, ambako Wakenya na Waganda wengi wanajenga majumba, tangu mwaka 2021 sheria inakataza kazi za juani kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu mchana, kuanzia tarehe 1 Juni mpaka 15 Septemba. Hatuoni kwa nini mchimbaji wa Luvungi awe na mwili tofauti.

Kikundi kinaondoka Jumatatu. Lori litasimama mbele ya ofisi saa kumi na moja asubuhi. Kila watu kumi wana kapita mmoja, na kila kapita apitie kwa mweka vitu Jumamosi achukue bashi moja, mabidoni mawili, filimbi na pakiti za serumu, atie sahihi. Bashi iliyotoboka arudishe palepale abadilishiwe. Jumapili baada ya ibada tutafanya zoezi la kumbeba mtu kwenye bashi, uwanjani, na tunatafuta kijana mmoja mzito wa kujitolea kulowa.